Mama Ciku Si Neno la Siri

Mmeniomba niandike kurasa chache za kumbukumbu kabla sijarudisha kadi ya mlangoni, na najua mlichotarajia. Mlitarajia niwashukuru wakubwa, nitaje nilivyopandishwa vyeo, kisha niwatakie vijana kila la heri. Vyeo nilivyopewa nilivipokea, nilivyonyimwa nimevisamehe, angalau vingi kati ya hivyo, na hakuna hata mmoja wenu atakayefaidika kwa kusoma habari zake. Mimi nitaandika juu ya funguo. Nimestaafu nikiwa bado na hasira, na afadhali niiache hasira hiyo hapa ofisini kuliko kuibeba hadi nyumbani Woodley ikaninyime usingizi.

Nilikuja katika shirika hili nikiwa mpiga chapa. Siku ya kwanza nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa sababu lifti ilikuwa na kibao cha kusema inatengenezwa, na ninavyojua mimi bado inatengenezwa. Walinikabidhi kwa mzee mmoja wa Uthiru aliyetoka kwenye mitambo ya simu, tukimwita Baba Wairimu. Aliniketisha mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha hata moja, akaniambia kwamba kazi zote za maana hufanyiwa pale, kwa kuandika amri mstari mmoja mmoja. Sheria yake ilikuwa moja: kabla ya kubonyeza, isome amri yako kwa sauti. Ukiona haya kuisoma mbele ya watu, alisema, usiitume. Mpaka leo nasoma kwa sauti, na wale mnaonicheka mkinisikia nikizungumza na mashine sasa mmejua nilikotoa tabia hiyo.

Ni yeye aliyenieleza habari za funguo, siku ambayo umeme ulikuwa umekatika na hatukuwa na la kufanya ila kunywa chai. Faili la siri hufungwa kwa ufunguo, na ufunguo huo ni nambari ndefu ambayo hakuna binadamu anayeweza kuikariri. Kwa hiyo unaipa programu neno la siri, programu inalisaga, na unga unaotoka ndio ufunguo. Kinu chenyewe si siri, mtu yeyote anaweza kukipata bure. Na ukitia mahindi yale yale, kwenye kinu kile kile, utapata unga ule ule. Ndiyo maana, aliniambia Baba Wairimu akikoroga chai yake, yeyote anayekusifia kinu bila kukuuliza umetia mahindi gani ni mtu wa kuogopwa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili shirika lilifungua kliniki Ngara, ya kupima virusi vya Ukimwi na kutoa ushauri nasaha, na baadaye dawa. Ilikuwa juu ya duka la jumla la vyombo vya plastiki, na mlango wa ngazi ulikuwa ndani ya duka lenyewe. Siku hizo mtu kuonekana akipanda ngazi zile ilikuwa kesi nzito, asikudanganye mtu. Wateja wetu wakabuni njia yao. Walinunua beseni kwanza, wakapanda nalo, wakapimwa, wakateremka na beseni mkononi kama watu waliotoka kufanya ununuzi wao wa kawaida. Mwenye duka alifikiri ana bahati ya biashara. Juu, kwenye ukuta wa mapokezi, tulikuwa tumebandika ahadi kwa herufi kubwa: Jina lako halitatoka hapa.

Aliyeiendesha kliniki hiyo alikuwa nesi mmoja mwenye moyo mwema kuliko wengi niliowahi kufanya kazi nao, Mama Ciku. Ciku alikuwa binti yake wa pekee. Nesi huyu aliweza kumpokea mtu aliyefika anatetemeka, na baada ya muda mfupi ukasikia wanacheka pamoja huko ndani. Namtaja kwa wema makusudi, kwa sababu mbele katika kisa hiki jina lake litakuja vibaya, na lawama si zake peke yake.

Majina ya wateja yaliwekwa kwenye kompyuta ya kliniki. Ili yawe salama, makao makuu yaliajiri mtaalamu wa nje. Alikuja na suti na picha za makufuli, akaweka programu yake kwenye ile skrini nyeusi, akaondoka. Niliifungua na kuipekua. Kinu chake kilisaga neno la siri mara moja tu, tena bila chumvi. Chumvi, kwa nyinyi mliofika juzi, ni tarakimu za kubahatisha zinazochanganywa na neno kabla halijasagwa, tofauti kwa kila faili, ili mwizi asikae kwake akasaga maneno yote mapema na kuja na funguo tayari mfukoni. Na kusaga hakupaswi kuwa mara moja. Unasaga unga uliotoka, unausaga tena, maelfu ya mara, ili kila neno analolibahatisha mwizi limlie muda. Programu ya yule bwana haikufanya lolote kati ya hayo. Lakini kwenye ripoti yake aliandika kwamba ufunguo ni wa biti mia mbili hamsini na sita, na Mkurugenzi wetu aliipenda sana nambari hiyo. Aliitaja mbele ya wafadhili kila alipopata nafasi. Ukimuuliza biti ni nini, angekwambia ni teknolojia ya kisasa.

Sasa mahindi yenyewe. Nyinyi mmekulia humu, mnajua tunavyoitana. Mtu akipata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe huwekwa kando. Anakuwa Baba Kamau, Mama Mutua, Mama Njeri, kuanzia kwa bawabu mpaka kwa mwenyekiti wa bodi. Na ofisi nzima, bila kuagizana, ilikuwa imechagua neno la siri moja: jina la mtoto wa kwanza. Yaani neno lililopaswa kujulikana na mtu mmoja duniani lilikuwa likipaazwa kwenye korido tangu asubuhi, mama fulani chai iko tayari, baba fulani simu yako. Wala usingehitaji kusikiliza. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama mzaa baba, mvulana wa kwanza jina la baba mzaa baba, na majina yanayozunguka ni yale yale. Huko kwetu Ukambani pia hatuna mengi ya kujivunia. Mtu aliyekaa nje ya lango letu wiki moja angeandika orodha ya funguo zetu zote bila kupanda ngazi.

Nilisema. Niliandika, nikapuuzwa, kisha nikasema tena kwenye mkutano wa Jumatatu. Nilileta kompyuta yangu, nikaweka faili la kila idara mbele yao, nikaanza kuwaita watu kwa majina wanayoitwa kila siku huku nikiyachapa. Faili zikafunguka moja baada ya nyingine, Mkurugenzi akiwa bado anakoroga sukari. Watu walicheka. Mhasibu alipiga makofi kana kwamba nimetoa paka kwenye kofia. Mkurugenzi, aliyekuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kuinua sauti, aliniangalia kwa huruma iliyonichoma kuliko tusi.

"Nduku," alisema, "unajua hii kitu inakusumbua wewe peke yako kwa sababu huna mtoto. Mzazi anaandika jina ya mtoto wake, anaanza siku akiwa na furaha. Usituharibie."

Ni kweli, sikujaliwa mtoto. Katika ofisi hiyo nzima mimi peke yangu ndiye niliyeitwa kwa jina langu, Madam Nduku, na sikuwahi kumlalamikia mtu. Siku hiyo nilikunja kebo yangu nikaondoka. Nilimchukia, nasema wazi, na chuki hiyo ilikuwa na haki. Nilikuwa nimezungumza juu ya majina ya wagonjwa, naye akanijibu juu ya tumbo langu.

Baada ya mkutano huo walinionea huruma kidogo na wakabadilisha maneno yao ya siri. Walitoka kwa mtoto wa kwanza wakaenda kwa kitinda mimba. Sitanii. Mama Ciku hakuwa na kitinda mimba, alikuwa na Ciku tu, kwa hiyo alibaki na Ciku.

Kisha kompyuta ya Ngara ikaharibika, ikawa haiwaki. Sikuambiwa. Mtu wa makao makuu aliamuru ipelekwe kwa fundi wa karibu, na ikapelekwa na diski yake ndani, na faili la majina ndani ya diski, kwenye kibanda cha kijana mmoja mtaa wa pili anayeitwa Kinuthia. Alitengeneza umeme wa ndani, ikawaka. Hapo kazi yake ilikuwa imekwisha, angempigia Mama Ciku simu aje kuichukua. Badala yake aliona faili lililofungwa, akalibonyeza, programu ikamuuliza neno la siri. Alikuwa akimjua nesi huyo kama Ngara yote ilivyomjua. Akachapa jina moja, na faili likafunguka. Programu ya yule mtaalamu haikumchelewesha hata kidogo.

Ndani yake alikuta jina la mke wa kaka yake.

Nitamwita Nyokabi. Alikuwa mwalimu wa chekechea huko Uthiru, akiishi na mumewe kwenye ploti ya wakwe. Alikuwa ameshaanza dawa, na Mama Ciku alikuwa akimwandaa pole pole amlete mumewe wapimwe pamoja na waambiane wakiwa na mtu wa kuwashika mkono. Hakupewa nafasi hiyo. Kinuthia alisema mezani Jumapili, mbele ya mama yake, kwamba ameona jina la shemeji yake kwenye kompyuta ya kliniki. Kufikia jioni vitu vya Nyokabi vilikuwa nje ya lango, na kwa kuwa mwenye shule alisali kanisa moja na mama mkwe, asubuhi iliyofuata hakuwa na darasa pia. Na sumu juu ya yote, ukoo haukuamini habari ya kompyuta, ukamwambia kwamba kliniki haiwezi kutoa siri, kwa hiyo lazima yeye mwenyewe alikuwa akitangaza huku na huku na kuwaaibisha.

Alikuja makao makuu. Nilimwona kwenye korido, mwanamke mwembamba mwenye leso iliyofungwa vizuri, na mkononi beseni la bluu lenye nguo zake. Ndilo beseni alilolinunua siku ya kwanza ili apandie ngazi zetu. Hakuja kuomba chochote isipokuwa kitu kimoja. Alitaka mtu wa shirika aseme, mbele ya mumewe, kwamba siri ilitoka kwetu.

Mkurugenzi alimketisha, akaagiza chai, akamwambia kwa upole wake ule ule kwamba haiwezekani. Faili zetu zimefungwa kwa ufunguo wa biti mia mbili hamsini na sita. Pengine aliwahi kumwambia rafiki akasahau. Nyokabi alisema hata mama yake mzazi hajui. Hapo Mkurugenzi akaniita ili nimalize maneno.

"Huyu Madam Nduku ndiye expert wetu," alimwambia. "Nduku, mweleze mama hii file haiwezi kufunguliwa na mtu wa nje."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshasikia alivyosimulia habari ya shemeji yake na kompyuta. Nilimwangalia Nyokabi, sikumwangalia Mkurugenzi.

"Mwalimu," nikasema, "yule nesi wa Ngara mnamwita nani?"

"Mama Ciku."

"Na watu wa duka la chini?"

"Wote wanamwita Mama Ciku."

"Basi password ilikuwa hiyo. Ciku. Shemeji yako alisema ukweli, aliifungua, na wewe hukumwambia mtu yeyote."

Chai ilikuwa imeletwa, na hakuna aliyeigusa. Nilitarajia alie. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikia vizuri, "Kwa hivyo mlikuwa mnajua?"

Nilimjibu ndiyo, tulijua, niliwaambia katika chumba hicho hicho. Mkurugenzi alianza kusema jambo kuhusu utaratibu wa bodi. Nyokabi alimkatiza.

"Hiyo computer iko na majina ya watu wengine," alisema. "Hao mtawaambia lini?"

Mkurugenzi alisimama kumfungulia mlango. Alipotoka, Mkurugenzi aliniambia nimelivua shirika nguo mbele ya mgeni. Nilimwambia mwanamke yule hakuwa mgeni, alikuwa mwenye jina. Nilidhani angenifukuza, na ukweli ni kwamba alitaka, lakini hakuwa na mtu mwingine wa kuendesha mashine zake.

Bodi ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Mimi na Mama Ciku hatukuingoja. Yeye alilia siku nzima aliposikia, kisha akajipangusa na kuanza kuwaambia wateja mmoja mmoja kadiri walivyopanda ngazi. Wengine walimshukuru. Wengine waliteremka hawakurudi tena, na hao ndio ninaowakumbuka nikiwa peke yangu, kwa sababu mtu anayeikimbia kliniki anazikimbia dawa pia. Mimi nilikwenda Uthiru nikasimama mbele ya mume na mama mkwe, nikasema nilichotakiwa kusema. Mume alisikiliza akiangalia chini. Hakumrudisha mkewe, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mwongo, na Nyokabi aliniambia hilo ndilo alilolitaka. Kompyuta nilikwenda kuichukua na Baba Wairimu. Kinuthia alitukabidhi kwa adabu zote. "Madam, mimi nilikuwa nacheki tu kama inafunguka," alisema. Hakuna sheria iliyomgusa, wala yule mtaalamu wa suti hakurudishwa kujibu swali hata moja. Ukitaka kujua kwa nini sijapoa, ni kwa sababu ya hao wawili na sentensi hiyo.

Mimi na Baba Wairimu tulikitupa kile kinu, tukaweka kingine kwenye skrini ile nyeusi. Hiki kilitia chumvi mpya kwa kila faili na kusaga maelfu ya mara. Kompyuta za wakati huo zilikuwa za kizee, kwa hiyo ukishaandika neno la siri ulikaa unangoja. Malalamiko niliyoyapata, msione. Mhasibu alidai nimeiroga mashine yake. Nilimweleza kwamba kungoja huko ndiko kufuli lenyewe, kwamba yeye anangoja mara moja na mwizi atangoja kwa kila neno analojaribu, lakini aliendelea kununa hadi siku aliyohama. Niliwakataza pia kuandika neno la siri ndani ya amri yenyewe, kwa kuwa mashine huweka kumbukumbu ya amri na anayekuja nyuma yako ataisoma. Subiri ikuulize, ndipo uandike.

Lakini kinu kizuri hakiokoi mahindi mabovu, na watu wetu hawakujua kuchagua neno lisilo na mtoto ndani yake. Suluhisho lilitoka kwa Mama Ciku, aliyekuwa kwenye chama cha akina mama ambapo zamu hupangwa kwa kura. Tuliandika maneno ya kawaida kwenye vikaratasi vingi: jiko, mvua, kiatu, ng'ombe, na kadhalika. Tukavitia kwenye beseni, tukavitikisa, na kila mtu akachota kadhaa bila kuangalia. Alichochota, kwa mpangilio aliochotea, ndilo neno lake la siri. Haruhusiwi kurudisha akachota tena eti hakupenda, kwa sababu akianza kupenda, atampenda mtoto wake. Mkurugenzi alichota akiwa amekunja uso. Nasikia alikumbuka maneno yake mpaka siku aliyostaafu.

Ijumaa iliyopita mlinifanyia sherehe. Keki ilikuwa nzuri, na nimewasamehe kwa hotuba. Kisha Mercy, ambaye nimemfundisha mwenyewe na ndiye anayechukua kiti changu, akasimama akiwa na machozi.

"Madam, hatutawahi kukusahau," alisema. "Tumebadilisha password ya backup yote. Kuanzia leo ni nduku."

Mlipiga makofi. Nami nitawaambia kitu ambacho sikukisema siku hiyo. Kwa dakika hiyo nilifurahi. Maisha yangu yote katika jengo hili jina langu lilikaa peke yake, na sasa mmeliweka pale mnapoweka watoto wenu.

Kisha nikakumbuka kilicho nyuma ya jina hilo: nakala za majina ya wateja wetu wote. Mlishangaa nilipoweka sahani chini na kuwauliza beseni liko wapi. Mlidhani natania. Tulizima muziki, Mercy akachota, nikasimama nyuma yake akasoma amri kwa sauti, tukangoja mashine isage, na ndipo nikarudi kukata keki. Wengine mlisema nimeharibu sherehe. Sawa, niliiharibu.

Sasa mtataka kujua Nyokabi ni nani. Anafundisha, mahali pengine, ni mzima, na kabla sijaanza kuandika nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Alikubali kwa sharti mnalolijua. Nyokabi si jina lake, na ukiwa unamjua mwalimu mmoja wa chekechea kule Uthiru unayefikiri ndiye, siye. Jina lake la kweli nililisikia kwanza kwenye korido, kutoka kwa mwanamke aliyebeba beseni la bluu, na halitatoka hapa.